Divai Inayolala Juu ya Machicha

Malakia, Juba
4 Februari 2025

Dada Erina,

Bwana asifiwe sana. Mimi mdogo wako niko mzima, ni ule mguu wa kushoto tu unaolia nikisimama sana. Joto la hapa unalijua kwa kusikia. Mwezi huu hata mbwa wanatembea wakifuata kivuli cha ukuta. Wewe uko aje? Na mpwa wangu Daphine? Nimesikia kwa watu kwamba kuna kijana wa Bugiri anakujakuja hapo kwako na viatu vinavyong'aa. Kwa watu nimesikia, si kwako, maana wewe simu yangu hupokei tangu Krismasi.

Ndio maana nampa Mukasa barua hii. Yule dereva wa lori la saruji kutoka Tororo. Akishashusha mzigo Juba hulala Nesitu, halafu anarudi huko kwenu. Amesema mlango wako anaujua vizuri. Sikumuuliza anaujuaje.

Dada, niliyosema Krismasi niliyasema kwa upendo. Mimi nimeokoka, siwezi kukaa penye chungu cha malwa, hiyo pombe yako ya ulezi, watu wazima wamekizunguka na mirija mirefu kama nzi kwenye kidonda. Na niliposema "kiwanda cha shetani" nilimaanisha chungu, sikumaanisha wewe unayekipika.

Kazi inaendelea. Mama Apajok, mwenye hoteli ile ya kando ya mto, amenipandisha cheo. Sasa niko upande wa vinywaji baridi. Ni kazi safi, navaa shati jeupe.

Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Nduguyo kwa damu ya Yesu na kwa ziwa la mama mmoja,
Owen


Busia
2 Machi 2025

Owen,

Tuko wazima. Yule mbuzi wa pembe moja amezaa mapacha, paa la jikoni linavuja, na Daphine ameongezeka mwili kwa furaha. Kijana wa Bugiri ni kweli. Baba yake ni Mzee Waiswa, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Hapo peke yake keshakushinda.

Mukasa huwa anakuja kwangu kunywa malwa, sasa umejua mlango anaujuaje. Anavuta mrija wake na wenzake, anashukuru, anaenda kulala. Sijamwona akigeuka nzi.

Lakini Mukasa ana macho. Alikaa hapa juzi akasema, "Mama Daphine, nilipeleka saruji kwenye hoteli ya ndugu yako. Nimemwona. Amevaa tai ya kipepeo! Amebeba chupa imefungwa kitambaa cheupe, anaishika kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Anawainamia wazungu, anasema maneno, wazungu wanafumba macho." Nikamuuliza, chupa ya nini? Akacheka mpaka mrija ukamtoka mdomoni.

Vinywaji baridi, Owen? Baridi gani hiyo ya kufumbisha watu macho?

Sasa jambo lenyewe. Wakwe wanakuja hapa nyumbani Jumamosi ya mwisho ya Juni. Unajua kwetu inavyokuwa: mjomba ndiye anayevuta mrija wa kwanza, halafu anasema msichana amekubaliwa. Mjomba asipovuta, wazee wa upande ule hawagusi, na kama hawajagusa basi hakuna kilichofanyika, hata ng'ombe wanarudi na kamba zao. Daphine hana mjomba mwingine. Mungu alinipa ndugu mmoja, akampa huyo ndugu mdomo mmoja, na mimi nauomba kwa dakika moja tu. Siku zingine zote endelea kuhubiri nao.

Dada yako,
Erina


Malakia, Juba
6 Aprili 2025

Dada Erina,

Bwana asifiwe. Nimefurahi kwa mapacha wa mbuzi. Paa nitalifikiria. Huku mvua ya kwanza imenyesha, barabara imekuwa uji, na barua yako ilikaa Nesitu na Mukasa mpaka nikaifuata mwenyewe.

Mukasa ana mdomo mrefu kuliko lori lake. Lakini sitakuficha. Ni divai.

Ilikuwa hivi. Mkenya aliyekuwa kwenye baa aliondoka bila kuaga. Mama Apajok alikuwa ameshaleta lori zima la divai ya aina moja, maana mtu alimwambia ndiyo inayokwenda na samaki, na sisi samaki ndiyo kazi yetu. Akaniangalia akasema, "Owen, kalas, basi. Wewe hulewi, hutaninywea mali yangu. Kuanzia leo wewe ndio mtu wa divai." Akanipa tai na kijitabu chenye picha. Kwa hiyo nilipewa divai kwa sababu ya wokovu wangu. Ona mambo ya Mungu.

Inaitwa Muscadet, unaisoma Muskade. Inatoka sehemu moja tu ya Ufaransa, magharibi kabisa, pale mto wao mkubwa unapoingia baharini. Isipotoka huko ni marufuku kuiita hivyo. Ni nyeupe lakini si nyeupe, ni kama maji uliyooshea mchele. Haina sukari, haina nguvu nyingi, inanywewa baridi sana. Kijitabu kinasema ina ladha ya ndimu, ya tofaa bichi, na chumvi kidogo kama upepo wa bahari, na inachomachoma ulimi. Huko kwao wanainywa na chaza, yule mdudu wa baharini anayeishi ndani ya jiwe. Sisi tunawapa na samaki ngege wa kukaanga, na hakuna aliyelalamika. Zabibu yake inaitwa Melon. Wiki ya kwanza nilidhani ni tikiti, nikawatangazia hivyo, na kawaja mmoja, mzungu mwenye ndevu wa shirika la visima, akasema ndiyo, tikiti analisikia vizuri.

Mimi siionji, Dada. Hata tone. Nasema tu, wao wanafumba macho. Nikisema ndimu, wanaona ndimu. Siku moja nilichoka nikaongeza "na moshi kidogo wa jioni", na mama mmoja wa ubalozi akanishika mkono, machozi karibu. Wakiomba nyekundu nawaambia msimu wake haujafika, maana hatuna. Wananiheshimu kuliko daktari.

Kuhusu Juni, nitaomba. Tafadhali na wewe uombe, uone kama chungu hakiwezi kubadilishwa na soda.

Nduguyo anayesimama imara,
Owen

Nilisahau hili. Sifa yake kubwa ni kwamba haichujwi mapema. Wanaiacha ilale juu ya machicha yake, yale masalia yanayotuama chini, kipindi chote cha baridi, hawaigusi, kisha wanaitoa hapo hapo juu ya machicha na kuitia kwenye chupa. Wanaiandika mbele kwa fahari.


Busia
4 Mei 2025

Owen,

Hatujambo, ila si sana. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Jikoni naweka sufuria chini ya tundu.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na ile sehemu ya machicha nimeisoma kwa sauti mbele ya wateja wangu. Waliachia mirija, wakasikiliza kama kanisani. Kwa hiyo kumbe. Mfaransa akiacha kinywaji kilale juu ya machicha, ni fahari, inaandikwa mbele ya chupa. Erina akiacha ulezi wake ulale juu ya machicha, ni kiwanda cha shetani. Hebu niulizie huyo shetani, analipishwa viza akienda Ufaransa?

Na ati hulewi, kwa hiyo wewe ni msafi. Ni kama mtu anayeshika ngazi wenzake wakipanda kuiba, halafu anasema mimi miguu yangu haikutoka chini.

Lakini leo sina nguvu ya kukucheka kama inavyofaa. Wakwe wametuma mtu. Mzee Waiswa anasema hawatakuja kwangu. Wanataka shughuli ifanywe ukumbini, kwa soda, na mimi nikae nyuma na wanawake wengine, nisiwe mama wa kupokea wageni. Ati kuna mtu wa ukoo wetu aliwapigia simu akawaambia nyumba hii ni kilabu cha pombe, na msichana amekulia kwenye miguu ya walevi.

Daphine amesikia. Hakulia. Amesema kama mama yake hafai kukaa mbele, basi hakuna harusi, wachukue kijana wao na viatu vyake. Kijana anakuja jioni anasimama nje ya uzio, Daphine hatoki. Mimi nasonga ugali, nauacha kwenye meza, asubuhi naukuta.

Mtu wa ukoo. Sisi ukoo ni wangapi, Owen? Sisemi kitu. Sisemi hata sare yako ya shule ilitoka kwenye chungu gani. Nauliza tu kama wewe, unayejua mambo mengi ya mbali, unajua na hili la karibu.

Erina


Malakia, Juba
1 Juni 2025

Dada yangu Erina,

Bwana asifiwe, ingawa leo mimi naliandika neno hilo mkono ukiwa mzito. Pole kwa mbuzi. Mama Apajok anakusalimu, hakujui lakini anakusalimu. Mguu umevimba. Mto umejaa, maji yamefika kwenye viti vya nyuma vya hoteli.

Barua yako Mukasa alinipa katikati ya mwezi, nikaiweka chini ya godoro. Nimeilalia mpaka leo. Ngoja nikueleze kwanza lililonipata, halafu nitafika.

Mzigo wa pili wa Muskade ulikwama Nesitu, ndani ya lori lililovunjika ekseli, juani. Ilipofika hotelini vizibo vilikuwa vimeanza kuchungulia. Rangi ilikuwa ya chai. Mimi ningejuaje? Nilivaa tai, nikafunga kitambaa, nikaanza: ndimu, tofaa bichi, upepo wa bahari. Na wao, Dada, wakafumba macho! Yule wa visima akasema mwaka huu bahari imekaribia zaidi. Meza nzima ikaitikia. Siki tupu, na kila mtu anaogopa mwenzake.

Kisha akaja daktari mmoja, mama Mfaransa mwenye mvi, anayetibu watoto. Akasoma chupa, uso ukafurahi, akasema kwao ni karibu na mashamba hayo hayo. Nikasimama na maneno yangu yote. Akaonja. Akaweka glasi chini polepole kama mtu anayelaza mgonjwa.

"Bwana Owen, wewe umeonja hii?"

"Hapana, Madam."

"Kwa nini?"

"Nimeokoka."

Alicheka mpaka meza ya mbali ikageuka. Akasema, "Basi na hii ungeiokoa mapema. Hii imekufa."

Kesho yake alirudi na chupa yake mwenyewe, aliyoibeba kwenye begi kutoka kwao, ameiweka kwenye barafu. Akamimina kidogo. Akasema, "Si kulewa. Ujue tu unachokisema." Wafanyakazi wote walikuwa wanachungulia jikoni. Mama Apajok amekunja mikono.

Nilionja, Dada. Na nilitaka sana iwe mbaya.

Iligusa ulimi kwa sindano ndogo ndogo. Kisha ndimu. Kisha chumvi, kidogo tu, kama jasho linaloingia mdomoni ukiwa unafanya kazi. Kila neno nililokuwa nikiwadanganyia watu lilikuwa kweli. Na mwishoni, nilipomeza, ikaja harufu ya mkate mbichi, na nikasimama pale na tai yangu nikiwa nimenusa jikoni kwako asubuhi, ulezi ukiwa umelala.

Jumapili nilienda kwenye ushirika wetu kule Atlabara, nikasimama nikatubu mbele ya ndugu wote: nimeonja. Ndugu Lokosang, kiongozi wetu, akaniuliza kwa sauti ile ya maombi, "Ilikuwaje, ndugu?" Nikaeleza jinsi nilivyojaribiwa na jinsi nilivyoanguka. Akasema, "Hayo tumesikia. Ladha, ndugu. Ilikuwaje?" Na watu watatu nyuma yake wakasogeza viti.

Wakanisamehe hapo hapo, wakaimba. Nikarudi nyumbani mzigo uko vile vile. Unajua kwa nini. Nilitubu dhambi ya kijiko mbele ya watu wengi ili ile ya ndoo isionekane.

Ni mimi niliyempigia Mzee Waiswa.

Nilipiga Machi, siku ile ile niliyosoma barua yako ya mrija wa kwanza. Namba yake niliipata kwa mchungaji wa huko. Nilijiambia namwokoa Daphine. Uongo. Niliogopa. Niliona wazee wamekaa, mrija umeelekezwa kwangu, na mimi, mtu wa wokovu wa miaka yote hii, sijui niufanye nini. Nikaona ni rahisi zaidi kukuaibisha wewe kuliko mimi kukaa na swali hilo. Nilimwambia kila kitu ulichoambiwa nilisema, na zaidi kidogo. Na Dada, nilipiga simu hiyo nikiwa kazini. Nimevaa tai. Chupa iko kwapani. Nilipomaliza kusema "kilabu cha pombe" nikaenda meza ya nne kuizibua.

Kwenye barua ya Aprili nilikuandikia habari za ndimu kurasa mbili huku nikijua nimefanya nini.

Sitaki useme nimesamehewa. Niambie tu la kufanya.

Owen


Busia
14 Juni 2025

Owen,

Tuko. Mvua inapiga.

Nilijua. Yule mtu aliyetumwa na Mzee Waiswa aliniambia tangu Aprili kwamba aliyepiga alianza na "Bwana asifiwe" na alizungumza mpaka salio likaisha, akapiga tena kumalizia. Nani mwingine? Nilitaka tu kuona utapita njia ngapi kabla ya kufika. Umepita Ufaransa. Sawa.

Daphine nimemsomea barua yako. Pale kwa daktari alicheka, mara ya kwanza tangu Pasaka. Pale kwa chupa kwapani aliinuka akatoka nje. Nimekuambia zote mbili ili usichague moja.

Umeuliza la kufanya. Simu ndiyo iliyobomoa, simu haitajenga. Panda lori la Mukasa. Ushukie Bugiri kabla ya kufika kwangu. Uende kwa Mzee Waiswa kwa miguu yako, umwambie mbele ya mke wake ulichosema, na unachofanya Juba. Na uvae ile tai, waone ni nani aliyewapigia.

Wakikataa, usije kwangu. Nitakuwa na msichana wa kunyamazisha, sitakuwa na nafasi ya kukunyamazisha na wewe.

Erina


Gesti ya karibu na stendi, Busia
Alhamisi, 26 Juni 2025

Dada Erina,

Bwana asifiwe. Niko mzima, mgongo umekufa. Kutoka Nimule mpaka huku Mukasa alinihubiria mimi, si mimi yeye. Niko hapa mjini kwako, namsikia mwadhini yule yule unayemsikia, lakini nakuandikia. Nimezoea, na uso wako nauogopa. Mukasa anakuletea hii kwa miguu.

Nimetoka kwa Mzee Waiswa. Nilivaa tai. Mjukuu wao akalia, mke wake akaniomba niivue, Mzee akasema, "Iache, tumsikilize akiwa nayo." Nikasema yote. La simu, la chupa, la meza ya nne. Yeye anatazama sakafu tu.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo malwa ya dada yako umeishtaki kwangu, na ya wazungu unaisifu kwa mshahara?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na siku ile, ulikuwa umeshaonja lolote kati ya hayo mawili?"

"Hapana."

Akacheka, lakini si kwa furaha. Akasema, "Mimi malwa siinywi, miaka mingi. Nikienda kwenye shughuli nashika mrija, nagusa mdomoni, napitisha kwa jirani. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na sijawahi kumpigia mtu simu." Kisha akamgeukia mke wake akasema, "Wanawake wetu watafikia kwa mama wa msichana. Mwambie kijana apige rangi viatu." Na kwangu akasema, "Tunakwenda kwa ajili yake. Wewe usije ukadhani ni kwa sababu umekuja."

Basi wanakuja keshokutwa, nyumbani kwako, na wewe mbele.

Sasa limebaki la kwangu, na mpaka sasa sijalijua. Mzee anagusa anapitisha. Yeye si mjomba. Wa kwanza hawezi kupitisha, watu wote wanamtazama shingo. Nimepiga magoti hapa kwenye sementi, nimeuliza, sikujibiwa. Niliapa, Dada. Mbele ya watu. Ukisema nirudi Juba, lori bado liko.

Owen


Nyumbani
Alhamisi hiyo hiyo

Owen,

Nakuandikia nyuma ya karatasi yako, sipotezi daftari kwa mtu aliye karibu hivi. Mukasa amesimama hapa ananisubiri na anajifanya hasomi.

Ulezi nimeshauloweka, nimeuchachusha, uko tayari. Umelala. Siuamshi kwa ajili ya mashaka yako.

Kuja leo. Daphine amekutandikia, ingawa ametandika kwa hasira, shuka limekunjamana. Jumamosi sitaki ueleze kitu. Usifunge chungu kitambaa. Usiseme ndimu, usiseme bahari, hawa watu wametoka Bugiri. Kaa, vuta, meza, sema "amekubaliwa", nyamaza. Wewe uliapa mbele ya watu, na mimi ulinivunja mbele ya watu. Sasa chagua ni kipi kati ya hivyo viwili utakirekebisha.

Msamaha nimekupa nusu. Hiyo nusu nyingine iko Jumamosi: nitakuwa nimekaa mbele, nakutazama koo.

Erina